Vigelegele Vyetu Vimepata Kazi Whitehall

Ijumaa, mwisho wa Agosti. Joto la leo hapa Whitehall, mji wetu mdogo wa Marekani, limenilowesha hadi soksi, lakini nina furaha isiyoenea kifuani.

Msimu mpya wa futiboli ya Kimarekani umeanza. Wengine walikuwa wanaangalia kocha mpya na goti lililoumia la yule kijana anayerusha mpira. Mimi nilikuwa na jambo moja tu la kuangalia: je, mwanangu Bahati atanikubali uwanjani?

Mwaka jana nilimwaibisha. Timu ya shule yake ilikuwa na mpira, yeye yuko safu ya mbele, ameinama. Mimi na akina mama wa kwaya tukasimama na vitenge vyetu tukapiga vigelegele, kama tunavyompigia bwana harusi akiingia. Kumbe hapo uwanja mzima hunyamaza ili wachezaji wasikie sauti ya mwenzao anayeanzisha mchezo. Bahati hakusikia kitu, akaruka kabla ya wakati. Mwamuzi akatupa kitambaa cha njano, ishara ya kosa. Wiki iliyofuata alikaa benchi.

Nyumbani aliniambia kwa Kiingereza, bila kunitazama, kwamba nisije tena.

Niliumia. Nimevuka mipaka na mtoto huyu mgongoni, halafu ananifungia lango la uwanja!

Juzi nikampigia simu mdogo wangu Safari, anayekaa Lackawanna, karibu na Buffalo, ambako watu hushangilia hata kwenye theluji. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu tulikotoka:

"Dada, wakati mupira iko na batoto betu, munyamaze. Wakati iko na bale bengine, bon, basi, mupige kelele yote! Banashindwa kusikilizana."

Basi kosa halikuwa kelele. Lilikuwa saa yake.

Nilimweleza Bahati. Akainua mabega tu, akasema, "Okay, Mom." Hiyo nikaihesabu kuwa ruhusa.

Leo mimi na wenzangu wa kwaya tulikaa juu kabisa kwenye viti vya watazamaji. Bahati alianza mechi, amerudishiwa nafasi yake. Kila timu yetu ilipokuwa na mpira, tulifunga midomo kama tuko kwenye maombi ya kimya, na kwa Mama Furaha, sauti ya kwanza ya kwaya yetu, hiyo ni adhabu kubwa.

Mwishoni tulikuwa tunaongoza kwa pointi chache. Wageni wakafika karibu kabisa na mstari wetu wa mwisho, mpira ukiwa mikononi mwao. Bahati alikuwa pembeni, anapumzika. Nikamwona anageuka, anatutafuta kwa macho. Kisha akainua mikono yote miwili juu, akaipunga: pigeni!

Mtoto wangu. Mbele ya shule nzima.

Tulipiga vigelegele ambavyo Whitehall haijawahi kusikia. Wageni wawili wakaruka mapema, kitambaa cha njano kikaanguka, wakarudishwa nyuma. Wakarusha mpira wa mwisho, ukadondoka kwenye majani bila kudakwa. Tumeshinda! Nililia, na sioni aibu kusema.

Dada yangu wa Jeffersontown, karibu na Louisville, ameshaona video ya vigelegele vyetu niliyomtumia, anasema na wao wataanza huko.

Tukaondoka na gari, tukasimama kwenye taa nyekundu ya kwanza. Hapo Bahati, kwa Kiswahili chetu, akasema, "Mama, kocha anauliza kama Ijumaa ingine mutakuya bote."

Tutakuja wote. Sasa najiuliza tu, sare ya kitenge kwa rangi za timu, tushone ya bluu au nyeupe?