Papa Hubert na Kidonge Chake

Bunia, Mudzipela
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa Yaya Honoré, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia kwa furaha. Huko Lubumbashi munaamkaje? Mugongo umeacha kukusumbua? Wivine, muke wako, iko muzima? Siye huku tuko, Mungu anatuchunga.

Nakuandikia juu ya Papa. Unakumbuka vile tulilia, munganga alipotuambia ni kansa ya damu. Vidonge vilimusaidia sana: tumbo iliyokuwa imevimba ilishuka, akaanza kula sombe ya majani ya muhogo, akarudia ngombe zake.

Basi akaacha dawa bila kutuambia. Mama alivikuta vidonge chini ya godoro. Papa akasema, "Mutu mwenye amepona hamezi dawa." Vipimo vikaonyesha damu inaharibika tena, lakini akakataa kabisa.

Ni Plamedie, mudogo wetu mwenye anasomea biolojia, ndiye alimugeuza. Alikaa naye kwenye baraza, akamuambia: "Papa, ndani ya chembe za damu kuna kimeng'enya kinaitwa kinase. Kinashika ATP, ile inabeba nguvu ya mwili na iko na fosfati tatu. Kinaisogeza karibu na protini, na fosfati ya mwisho inatoka kwa ATP, inahamia kwa protini. Ile protini inaamka, inaamuru chembe zizae zingine. Kwa kawaida kinase inajua kupumzika. Yako haijui."

"Na kidonge kinafanya nini?"

"Kinakaa mahali ATP inakaa, ATP inakosa nafasi, na kinase inafungwa. Kikikosekana, ATP inarudi, na kazi mbaya inaanza tena."

Papa akauliza, "Kumbe ile kinase haikufa? Imefungwa tu?"

"Ndiyo, Papa. Imefungwa tu."

Akaniita: "Priscille, leta maji." Akameza mbele yetu sote. Yaya, nilitoka inje nikalia tena, lakini hayo yalikuwa machozi mengine.

Juma lililopita Docta Xavier, munganga wake, alitupa majibu mapya: damu inatulia. Papa alipofika nyumbani alichukua jembe, akaanza kupanda avoka, ile miti ya parachichi, nyuma ya nyumba. Avoka, Yaya! Mti wa kungojea miaka! Mama alimuangalia akicheka, halafu akaenda kumushikia miche.

Umupigie simu, atafurahi kusikia sauti yako.

Mama na Plamedie wanakusalimia. Umubusu Orly, mwambie shangazi yake anamuwaza. Mungu awafunike kwa amani, atufungulie njia tuonane.

Mudogo wako akupendaye,
Priscille