Chai ya Bibi Ibaki Jikoni

Miguu ya bibi yenu haina ugonjwa. Sisi ndio tunaoiua. Asubuhi nimerudisha kliniki ile saa ya kuhesabu hatua aliyovaa wiki nzima. Nesi akaisoma, akaniuliza, "Kaka, huyu mama mmemfunga kamba?"

Nimekwenda kazini. Chai yake ~~mpelekeeni kitandani~~ iacheni jikoni, aifuate mwenyewe. Akinuna, anune akitembea. Mmoja awe kando yake, asimshike ila akiyumba. Mama watoto, silaumu mtu. Maneno ya "Kaa tu, Mama, tutakuletea" niliyaanza mimi.

Kwenda dukani na kurudi ni hatua mia tisa, nimezihesabu leo. Mwaka jana alikwenda kila siku. Wiki hii, siku saba zote kwa jumla, saa imehesabu hatua mia saba na ishirini.

Baba