Miaka Mitano ya Tobin

Mwanangu Tobin,

Huku Ohio theluji imefika magotini, na paka wako amezaa tena. Jana buchani, Verlin muuza nyama aliniambia, “Mama Tobin, mwanao anawarushia wapinzani mpira kila Jumapili badala ya wenzake, na bado timu inataka kumpa mkataba wa miaka mitano? Mimi mtu akiwatupia mbwa nyama yangu, simwongezi hata wiki.”

Nikamjibu, “Ana miaka ishirini na tatu. Wewe umri huo hata kisu ulikuwa hujui kukishika.” Nikaondoka bila nyama.

Tairi ulilokuwa ukililenga kwa mpira utotoni bado linaning'inia bandani. Nikipita nalisukuma, libembee kidogo.

Kila mtu namwambia wakupe hiyo miaka mitano. Ila nikipiga magoti, mwanangu, naomba wakunyime, urudi nyumbani.

Mama yako,
Lorna