Mama Kwenye Ripoti ya Kampuni

Migori, 9 Machi 1996

Kaka Masese,

Huku mvua imeanza na mwanangu Bitutu ameota meno ya mbele. Lakini nakuandikia kwa sababu ya Mama.

Juzi bwana shamba wa kampuni ya tumbaku aliniletea ripoti yao ya mwaka, kitabu cha karatasi za kung'aa. Nilipofungua nikamkuta Mama, ukurasa mzima. Amevaa gauni lake la Sabato, amekumbatia majani ya tumbaku, anacheka. Tulimzika bila hata picha moja, kumbe wakubwa wa Nairobi wanaye mezani.

Unajua Baba ni mzee wa kanisa, tumbaku hataki hata kuisikia. Lile shamba la Mama la kukodi kule Uriri, lililokusomesha, alidhani ni la mahindi. Niliuchana ukurasa nikampa. Aliutazama mpaka chai ikapoa, kisha akaitisha makasi. Alitaka kuitoa tumbaku, abaki na Mama. Akaugeuza huku na huku. Mama ameyakumbatia yale majani kwa mikono yote miwili. Hakuna pa kukata bila kumkata yeye.

Ameutundika hivyo hivyo, karibu na kalenda ya kanisa.

Ni mimi dadako,
Orpah