Kilichomuua Babu Yako

Boko, Jumapili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua uvimbe na mama hajambo. Sie huku wazima, ila nina hasira hata chai haishuki.

Juzi tulimpokea babu yako. Sanduku lenye fuvu lake lilifika kutoka Ujerumani, tukakabidhiwa kwenye ukumbi mmoja Kurasini. Nilitia saini kwa niaba ya ukoo, kisha nikasubiri kusoma wasifu wa marehemu kama ulivyoniagiza.

Kabla sijapanda jukwaani, ofisa wa itifaki, bwana Deogratias, alinivuta pembeni akanipa wasifu mwingine. Huo ulisema babu alifariki katika machafuko ya Majimaji. Nikamuuliza, machafuko yana mikono ya kufunga kitanzi? Akanisihi nisimharibie, kwani kuna mradi mkubwa wa maji unaosubiri saini ya wageni wa Ujerumani, na neno mauaji ya kimbari litawafukuza mezani. Wakubwa wa pande zote wamekubaliana kulikwepa. Nikamwambia Wanamibia wametamkiwa neno hilo na Wajerumani haohao, ingawa kwa kigugumizi. Sisi tumekosa nini? Akajibu kila nchi na mazungumzo yake. Baba, damu ilinichemka!

Unajua kwetu hatuziki mtu bila kutaja kilichomuua. Hata yule mlevi aliyetumbukia kisimani alisomewa ukweli mbele ya mkewe.

Nikapanda, nikasoma wa kwetu: kwamba Wajerumani walimnyonga kule Songea, wakachoma mashamba na maghala makusudi, mkewe na baadhi ya wanawe wakafa njaa, na kwamba hayo ni mauaji ya kimbari. Mkalimani akaacha kutafsiri. Nikarudia mwenyewe kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Wageni wakainuka mmoja mmoja, wakatoka.

Sasa nikuambie lililonishinda kusema kwenye simu. Najua ulivyomngojea babu yako kwa heshima zote, lakini msafara wa kuja huko umefutwa. Magari, bendera, mapokezi, hakuna tena. Deogratias alitaka sanduku lirudi stoo mpaka mambo yatulie. Nikamwambia marehemu aliyekabidhiwa kwa ndugu zake harudishwi, nikalibeba. Yupo hapa sebuleni. Shangazi amemtandikia khanga mpya na amekataza redio isiwashwe.

Ijumaa tunapanda naye basi la abiria. Sitaomba radhi kwa yeyote, na wewe usingoje ruhusa ya mkubwa yeyote. Waite ndugu, chimbeni kaburi.

Msalimie mama, na majirani wote wanaoniulizia.

Mwanao asiyejuta,
Genoveva