Nusu ya Zaburi Uliyobaki Nayo

Ruiru, Novemba 1956.
Sasa ni mwaka mmoja na miezi minne tangu uliponisindikiza hadi barabarani.

Mpendwa Mama Rebeka,

Nimeanza na jina hilo kwa makusudi. Ndugu yako ameniandikia kwamba akina mama wa kanisa siku hizi wanakuita kwa jina lako la usichana, wakidhani wanakupunguzia uchungu. Mimi nitakuita Mama Rebeka hadi nizikwe. Mtoto akifa, mama yake harudi kuwa msichana.

Ameniandikia na mengine. Kwamba mzee wa kanisa alitaka usimame mbele ya watu uimbe wimbo wa shukrani, na wewe ukabaki umekaa. Kwamba wamekutoa kwenye benchi la mbele, ukae nyuma mpaka utubu. Na mwisho wa barua akaweka maneno yako mwenyewe: "Mwambie nimeacha kuomba." Basi. Hukuongeza hata salamu. Naandika kuyajibu maneno hayo, na shule yangu ni ile unayoijua, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka jioni ile kabla sijaondoka? Mvua ilikuwa imevuja juu ya rafu na kitabu chetu cha Zaburi kikalegea uzi. Nilisema kibaki nyumbani. Wewe ukakishika kwa mikono miwili, ukakipasua pale uzi ulipoachia, ukanipa kipande kinene. Ukasema, "Chukua hizi za mbele. Huko utazihitaji nyingi." Rebeka alikuwa mapajani mwako, akaitikia Amina. Ndivyo alivyofanya kila alipoona kitabu kile mkononi mwetu, ili tumalize upesi ale ugali. Ulicheka hadi ukajifuta macho kwa kanga.

Wakati huo nilidhani Zaburi ni za Jumapili. Huku nimezikuta kazini. Mimi ni wa kugeuza kahawa kwenye meza za kuanikia, kutwa nzima mgongo umeinama, na wingu likitokea tu nyapara anapiga kelele tukimbie kuifunika, kwa maana kahawa ikilowa ni sisi tunaotukanwa. Nikisimama mstari wa posho namkumbuka yule wa Zaburi anayeuliza, hadi lini, Bwana. Wenyeji wa hapa wamekusanywa kwenye vijiji vya kulindwa kwa sababu ya hali ya hatari, na sisi wa kutoka mbali hatuvuki barabara bila karatasi mkononi. Zile zaburi za mtu aliyezungukwa pande zote, huku hazihitaji mhubiri wa kuzieleza.

Mwenzangu wa mezani ni Mkamba anaitwa Musyoka, mtu wa maneno. Alinizoea haraka. Akiniona na kipande changu huniuliza kama kitabu kilikatwa mkia ili kisipigane na vingine. Siku moja aliwaambia watu wa kambi kwamba Waluhya wanapenda kula sana hata neno la Mungu wanagawana mapande. Nilimwambia nusu nyingine iko kwa mke wangu. Akasema basi mke huyo ananipenda.

Barua ya kuzikwa kwa mtoto ilinifikia akiwa ardhini kwa miezi miwili. Surua, mliandika. Siku ile nilifanya kazi mpaka filimbi kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Kisha nikafunua kipande changu mwishoni, kwenye zaburi ambayo mimi na wewe hatukuwahi kuifikia, kwa kuwa tulipenda zile fupi. Ni ya mtu anayemlilia Mungu mchana na usiku. Anasema nafsi yake imeshiba taabu, na rafiki zake wamewekwa mbali naye. Mstari wa chini kabisa wa ukurasa unaishia gizani. Hapo ndipo kipande changu kinakwisha.

Nilijiambia kwamba inaendelea kwako. Maana katika zaburi zote nilizozijua, mtu hulia juu akashukuru chini. Basi kila jioni niliisoma mpaka pale gizani, nikakuwaza wewe kwetu Maragoli umeshika shukrani yake, ukinimalizia. Nilipata usingizi kwa hilo. Nilikuwa nasoma kilio, nikaamini faraja iko salama mikononi mwako.

Juzi Jumapili Musyoka alinipeleka Thika kwa shangazi yake, mama mmoja mwenye Biblia nzima. Kabla hata ya chai nikaiomba. Nikafunua. Mstari wa mwisho ulikuwa uleule, na chini yake namba ya zaburi nyingine. Nikarudi ukurasa, nikaenda mbele tena. Yule mama akaniuliza natafuta nini.

"Mwisho wake," nikasema.

Akavuta kitabu, akasogeza uso karibu, akasoma kwa kidole. "Huo ndio mwisho, mwanangu. Huyu hakushukuru."

Chai ilipoa mbele yangu. Nilikuwa nakufikiria wewe. Ukurasa wako wa kwanza unaanza na namba mpya, kwa hiyo umejua siku zote kwamba kwako hakuna kitu cha kunimalizia. Ulikaa kwenye benchi lile mbele ya kanisa zima, na ulichofanya ni kile ambacho mtu huyu wa Zaburi alifanya. Alimwambia Mungu giza, akaacha hapo. Na hakuna mzee aliyemtoa kitabuni. Wamemwacha humo pamoja na yule wa Bwana ndiye mchungaji wangu na wenye vinubi.

Kwa hiyo umesema umeacha kuomba, na mimi sijui. Anayelalamika kwa Mungu bado anaongea naye. Ukikaa kimya, nafikiri kimya chako anakisikia pia. Sitakuambia usimame uimbe. Mimi mwenyewe siwezi kuuimba wimbo ule.

Nimechoka, Mama Rebeka. Mikono yangu imepasuka na sauti ya nyapara nimeishiba. Nimemwomba karani asinipe tikiti nyingine ya kuhesabia siku za kazi, hii ikijaa ninaondoka. Huku tunashona magunia ya kahawa kwa sindano kubwa na uzi mgumu, na nimeruhusiwa kuchukua uzi kidogo. Weka nusu yako mahali pakavu, tutaiunga na yangu. Halafu twende wote kaburini, nikaone mahali mlipomlaza. Pale nitaisoma ile zaburi mpaka gizani, na Amina tutamwachia Rebeka mwenyewe.

Nitashuka Kisumu kwa gari la moshi Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Jumapili yake tutakwenda kanisani, na mimi nitakaa benchi la nyuma, karibu nawe.

Wako,
Baba Rebeka