Jina Nililoliandika Kwenye Karamu ya Wafu

Bruxelles, Forest, mwezi wa pili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za mke wa mwanao. Mgongo unasemaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma ilikufikia, au iliishia njiani? Na Ansima wangu, meno ya mbele yameshaota? Mimi ukiniuliza habari nitajibu nzuri, maana ndivyo tulivyolelewa, lakini Mama, si nzuri.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu kila nikifika kwenye jina la Murhula unaniambia réseau imekatika, na mimi huku nawasikia kuku wako wazi kabisa. Papa, yule mzee anayekuletea bahasha hii, anasali nasi, hajui kilichomo. Isome mwenyewe, usimpe Ansima akusomee.

Neno lenyewe ni hili. Mwaka unatimia tangu Murhula atoke nyumbani asubuhi ile mji ulipoingiwa na vita, akisema anaenda kumtazama mgonjwa na kurudi. Ulisema hakuna matanga nyumbani mwako mpaka uone mwili, na kwa desturi yetu mke hawezi kulia kabla ya mama mzazi kulia. Nimekutii. Sijavaa kitambaa cheusi, sijanyoa, nikiulizwa nasema mume wangu yuko Bukavu. Lakini nimefanya jambo, na afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa watu. Kisha nina ombi.

Unajua namtunza bibi mmoja kule Auderghem, karibu na pori. Namwogesha, nampikia, namsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Nisichokuambia ni kwamba ni mchawi. Usishtuke bado. Anajiita hivyo mwenyewe, sorcière, anakunywa kahawa yake na kulitamka neno hilo kama mtu anayesema yeye ni mshonaji. Kwetu neno hilo limewachomea watu nyumba. Mimi niliyeonywa tangu utotoni nisile kwa balozi, kwa wachawi, ndio sasa nawaoshea vikombe.

Dini yao inaitwa Wicca. Hawamrogi mtu, nimewachunguza miaka miwili. Wana sikukuu nane kwa mwaka, zinafuata jua na mashamba: ya mavuno, ya jua kurudi, ya maua, na kadhalika. Tena kila mwezi unapokuwa mpevu, wanawake sita wenye mvi wanakuja bustanini kwa Madame, wanazungushia chumvi, wanaweka bakuli la maji ili mwezi uonekane ndani yake, wanaimba kidogo, wanakula keki. Mwanzoni niliita damu ya Yesu kila hatua mpaka kwenye basi. Baadaye nikazoea. Shangazi zetu nao wanapanda maharagwe kwa kuangalia mwezi, ila hawa hawana shamba. Maharagwe yao ni ya kopo.

Basi mwisho wa mwezi wa kumi, Wabelgiji wanapobeba maua kupeleka makaburini, Madame na wenzake wana sikukuu wanayoiita Samhain. Ni karamu ya wafu. Wanakula jioni bila kusema neno, na kiti kimoja kinaachwa kwa ajili ya waliokufa, na sahani yake imejaa. Kila mtu anaandika jina la mtu wake aliyekufa, karatasi inawekwa chini ya sahani ile, na baada ya kula zote zinachomwa kwenye mshumaa. Madame alinipa karatasi na mimi. Alisema si vizuri nihudumie wafu wa wenzangu na wangu wabaki nje.

Nilikusudia kumwandika baba yangu, tuliyemzika vizuri na kwaya ikaimba. Nikaandika Murhula. Sitakudanganya kwamba mkono uliteleza. Niliandika herufi moja moja, nikakunja, nikaiweka mwenyewe. Na kwenye sahani ya wafu, badala ya supu ya maboga waliyokula wengine, niliweka bugali na sambaza wakavu, dagaa wa ziwa letu. Niliwanunua Matonge, kwenye maduka ya Wakongomani, siku mbili kabla, kwa hiyo nadhani moyo ulijua mapema. Murhula hangekula maboga hata akiwa mzimu.

Nilipoona karatasi inaungua nililia, Mama. Kwao ni kimya, hakuna aliyenigusa wala kuniuliza, na hilo lilinisaidia. Siku ile nililala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu apotee. Asubuhi ndipo hofu iliponishika, kwa kuwa nimeandika jina la mtu ambaye mama yake anasema yu hai.

Nikakosea tena, nikamwambia maman Espérance, yule wa Goma tunayesali naye. Tulikuwa sokoni Midi siku ya Mungu, Jumapili baada ya ibada, yeye anachagua nyanya. Aliiweka chini ile aliyoishika.

“Nzigire, umezika mutu muzima,” akasema. “Kwa meza ya balozi. Kama alikuwa bado anapumua pale alikuwa, sasa ni nani alimumaliza?”

Nikamwambia ni karatasi tu.

“Hata mariage yako na bwana yako ilikuwa karatasi. Bon, tutafunga, tutaomba, lakini mimi sitakuficha, naogopa.”

Walifunga siku tatu kwa ajili yangu, nawashukuru. Lakini tangu hapo mtu akinipa mkono kanisani anautoa upesi. Mchungaji alisema niache kazi kwa yule bibi. Sikuacha, maana nikiacha Ansima atasoma kwa pesa gani? Ila neno la Espérance liliingia ndani na halijatoka. Naoga nalo, napanda tram nalo. Najiambia kwamba watu hawafi kwa kalamu, kisha giza linaingia saa kumi na moja, mchana haujaisha, na nasadiki kwamba nilimuua.

Mwezi wa kumi na mbili ilikuja sikukuu yao ya jua kurudi. Waliwasha mishumaa, wakakumbatiana, wakasema kuanzia kesho mchana utarefuka. Mimi nilikuwa jikoni nashika sinki kwa mikono miwili. Wageni walipoondoka nikamwomba Madame alitengue jina lile. Akauliza kwa nini. Ndipo nilipomweleza kwamba hatuujui mwisho wa Murhula.

Alibadilika uso. Alinishika mkono akasema, kwa Kifaransa chake cha taratibu, “Nisamehe, binti yangu. Nilidhani amekufa. Kwetu tuna siku ya wanaozaliwa na siku ya waliokufa. Kwa mtu kama huyu, sisi hatuna siku.”

Nilitaka anikemee, au anicheke, au anipe chumvi yake nimwage mahali. Hakunipa kitu. Alilia tu, bibi wa watu, na mimi nikamfuta machozi kwa sababu ndiyo kazi ninayolipwa.

Nimelifikiria hilo tangu siku ile. Sikukuu nane na miezi mipevu yote ya mwaka, na hakuna hata moja inayomfaa. Kanisani tunaombea wagonjwa, wafungwa na wafiwa, na sijui nisimame na kundi gani. Kwetu nako mtu ana kilio au ana safari. Murhula hana kimojawapo. Juma lililopita walifanya sikukuu ya maziwa na mishumaa, wanasema mbegu zimeanza kuamka ardhini. Nilitazama dirishani nikaona matope. Sili vizuri, Mama. Nimepungua mpaka sketi zangu nazifunga kwa pini.

Ombi langu ni hili. Sikuombi unisamehe kwa kuandika. Ukitaka kunilaani nilaani, nitapokea. Nakuomba ukae matanga. Toa viti nje, ita watu, mlilie mwanao ulivyojizuia kumlilia mwaka mzima. Mwambie Ansima ukweli, maana juzi kwenye simu aliniuliza baba akirudi atapita kwanza kwangu au kwao, na nikamjibu kwao. Siwezi kumjibu hivyo tena. Ikiwa Mungu ni mwema na Murhula akabisha hodi siku moja, atutukane sote kwa kumzika, nami nitafurahi kutukanwa.

Nisalimie tonton, mdogo wake Murhula, najua naye amekaa kimya kwa kukuheshimu. Msalimie shangazi wa Kadutu na jirani mama mapacha. Ansima mbusu kwenye paji la uso, taratibu, kabla ya kumwambia.

Mama, nimekusubiri ulitamke wewe kwanza neno la msiba kama desturi inavyotaka, na nguvu zimeniishia. Nisamehe kwa kukutangulia.

Mjane wa mwanao,
Nzigire